Kwale Ipi? Tuliyojifunza Katika Kupanga Hifadhi ya Bahari Kati ya Mkinga na Vanga

Kwenye mihtasari ya vikao vya pamoja kati ya Mkinga, Tanzania, na Vanga, Kenya, kuna jina moja ambalo tumejifunza kutoliandika peke yake: Kwale. Kwa mtu wa Moa, Kwale ni kijiji na kisiwa hapa hapa Wilaya ya Mkinga. Kwa mtu wa Vanga, Kwale ni kaunti nzima yenye gavana wake. Ukiandika "doria itaanzia Kwale", upande mmoja utaandaa boti na upande wa pili utasubiri gari kutoka makao makuu ya kaunti. Siku hizi tunaandika Kwale-Mkinga na Kaunti ya Kwale, hata kama wote waliopo mezani wanajua kinachozungumzwa, kwa sababu muhtasari husomwa zaidi na watu ambao hawakuwapo.

Mkanda huu wa pwani umo katika pendekezo la hifadhi ya bahari ya kuvuka mpaka kati ya Kenya na Tanzania, lililo chini ya Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985. Kwenye ramani eneo linaanzia mpaka wa kaskazini wa hifadhi ya Diani-Chale, linashuka Gazi, Shimoni, Wasini na Kisite-Mpunguti, linavuka baina ya Jimbo na Jasini, kisha linaishia kusini mwa Mkinga. Watu wa pande zote mbili ni wale wale: Wadigo, Wavumba, Wasegeju. Ndiyo maana anayekuja kuratibu kazi hii hudhani ugumu utakuwa Dodoma na Nairobi, na kwamba huku chini watu wataelewana tu. Tumeona mambo yakienda kinyume. Kuzungumza lugha moja kunawafanya watu waache kuulizana maana.

Mfano ni samaki. Tasi wa Tanga ndiye tafi wa Vanga. Hata mtego wa kuvulia, dema letu ni lema lao. Kwa mdomo hakuna anayepotea, lakini anayeingiza takwimu kwenye kompyuta mara nyingi hajawahi kukanyaga mwaloni, na kwake tasi na tafi ni samaki wawili. Jumla ya mavuno inagawanyika mara mbili, na mtu wa tatu anaandika kwenye ripoti kwamba upande mmoja "hauna tafi". Changu ndiye mbaya zaidi, maana jina hilo limebeba aina kadhaa zenye ukubwa tofauti kabisa wa kupevuka. Dawa yake ni karatasi moja tu: jedwali la samaki 30 hivi wanaouzwa sana, kila mmoja na picha, jina la Tanga, jina la Vanga na jina la kisayansi. Litengenezwe kabla ya takwimu ya kwanza kukusanywa. Kulirekebisha jedwali baada ya mwaka mzima wa kupima samaki ni kazi ambayo hatumwombei mtu.

Neno kata nalo lina mtego. Kwetu kata ina diwani na afisa mtendaji. Wakenya wengi wakisikia kata wanafikiria eneo la chifu, na eneo la mwakilishi wao wa kaunti wanaliita wodi. Halafu kuna saa. Afisa wa Tanga akiandika "boti ilionekana 8:15" anaweza kuwa anamaanisha saa nane na robo mchana. Mwenzake aliyezoea kuandika ripoti kwa Kiingereza anasoma asubuhi. Kwa taarifa za doria tumekubaliana kuandika kwa mtindo wa saa 24 na tarakimu nne, 14:15, bila neno lolote pembeni. Ni jambo dogo, lakini ushahidi wenye tofauti ya saa sita haufiki popote.

Ramani ndipo penye hasara kubwa, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Ramani nyingi za zamani za nchi hizi mbili zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960. GPS na simu zinatumia WGS84. Nukta ile ile, ikisomwa kwa mfumo mmoja na kuchorwa kwenye mwingine bila kubadilishwa, inahama kiasi cha mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Kwa msitu mkubwa mita 300 si kitu. Kwa mwamba mwembamba unaotaka kufungwa, mita 300 ndizo upana wote wa mwamba: mnafunga maji matupu na kuacha matumbawe yakivuliwa. Kosa la pili ni la uandishi. GPS ya mkononi mara nyingi huonyesha digrii na dakika, kwa mfano 4°40.5' kusini. Mtu akiingiza kwenye kompyuta 4.405, akidhani ni desimali, nukta inaruka kilomita 30 hivi kwenda kaskazini. Ilikuwa jirani na mpaka, sasa iko usawa wa Gazi. Thamani sahihi ni 4.675, kwa sababu dakika hugawanywa kwa 60.

Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote, pande mbili zikubaliane kuandika WGS84, kanda ya 37 kusini, na maneno hayo yachapwe kwenye kona ya kila ramani. Kisha lifanyike jaribio la nukta tatu ambazo kila mtu anazijua kwa macho: gati la Vanga, nguzo moja ya mpaka, na mahali pa kushukia Moa. Kila upande uzisome kwa chombo chake na kuzichora. Zikigongana, endeleeni. Gati likiangukia mikokoni, kazi isimame hapo hapo hadi sababu ijulikane. Jaribio hili linachukua nusu siku, na tumeona watu wenye shahada kubwa wakiliruka kwa kuona haya kulifanya.

Ramani ya kufanyia kazi na wanavijiji iwe kubwa, karatasi ya A1 kwa kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita moja ni mita 500. Juu yake itandazwe karatasi ya plastiki inayoonyesha. Kila kundi lipewe plastiki yake: wavuvi wa madema, wa nyavu za jarife, wa mishipi, wanawake wa pweza, wakata mikoko. Usiwaweke pamoja siku ya kwanza. Nahodha akishika kalamu mbele ya mwanamke anayeshuka miambani kwa miguu, mwamba wa mwanamke yule hautachorwa, na mwezi mmoja baadaye kamati itapendekeza kuufunga kwa kuwa "hautumiki". Kila mshiriki apewe kete 20 azigawe juu ya miraba kulingana na siku anazovua pale kwa msimu. Tena iwe miraba ya kilomita moja kwa moja, wala si nukta. Mvuvi hataki kuonyesha pango lake la chewa kwa watu wa kijiji cha pili, sembuse nchi ya pili. Ukimlazimisha kuweka nukta ataiweka, lakini si mahali penyewe. Ukimpa mraba atakuwa mkweli.

Na zoezi lirudiwe mara mbili, la kaskazi na la kusi. Ramani iliyochorwa Februari, bahari ikiwa shwari, inawaonyesha watu mbali nje ya miamba. Julai watu hao hao wamebanana ndani ya ghuba, na hapo ndipo majirani wanapogombana.

Jambo ambalo hutalikuta kwenye mafunzo mengi ni hili: bahari ya mpakani ina sheria inayomruhusu jirani aingie. Kenya na Tanzania zilikubaliana mpaka wao wa baharini kwa barua zilizobadilishana tarehe 17 Desemba 1975 na 9 Julai 1976. Ndani ya makubaliano hayo, wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili wanaovua kwa ajili ya kujikimu wanaruhusiwa kuvua hadi maili 12 za baharini kila upande wa mpaka, kwa kufuata kanuni zilizopo. Ni kilomita 22 hivi kwenda kila upande. Maafisa wengi vijana hawaifahamu ruhusa hii, wazee wa Vanga wanaifahamu vizuri sana, na kikao kikianza kwa afisa kumwita mzee mvamizi kimekwisha kabla ya chai. Kazi halisi ya mpango ni kukubaliana nini maana ya kujikimu. Ngalawa ya watu wawili wenye mishipi haina ubishi. Mashua yenye mashine, kasha la barafu na wavuvi zaidi ya kumi ni jambo jingine. Mkiainisha kwa aina ya chombo na zana, mgambo wa doria anaweza kuamua kwa kutazama. Mkiainisha kwa "nia" au "kipato", hawezi.

Tena nchi ni mbili lakini pande za kukaa mezani ni tatu. Wavuvi wa dago kutoka Pemba huvuka mkondo kila msimu, hupiga kambi Tanga na pia upande wa Kenya, na leseni zao zinatoka Zanzibar, ambako uvuvi una wizara yake. Mpango uliotiwa sahihi Mkinga na Vanga bila manahodha wa dago kuitwa utavunjwa na watu ambao kwa haki kabisa watasema hawakuambiwa. Waiteni wakiwa kambini, mwanzoni mwa msimu. Barua kwa ofisi za kwao haiwafikii kwa wakati.

Sasa nani anatia sahihi? Huku Tanzania kijiji ni chombo cha kisheria. Kina serikali yake, kina mkutano mkuu unaopaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na sheria ndogo zake zikishapita mkutano huo na halmashauri ya wilaya zina meno. Kenya kijiji hakina mamlaka hayo. Chifu ni mtumishi wa serikali ya taifa, kaunti ina bunge lake, hifadhi ya Kisite iko chini ya Shirika la Wanyamapori, mikoko iko chini ya Huduma ya Misitu pamoja na vyama vya misitu vya jamii. Kwetu nako visiwa vya Kirui, Mwewe na Kwale ni maeneo tengefu chini ya Hifadhi za Bahari, hivyo kijiji hakiwezi kuvipangia peke yake. Mkataba wa "kijiji kwa kijiji" unapendeza kwenye picha, lakini mguu mmoja umesimama kwenye sheria na mwingine hewani. Kinachofanya kazi ni BMU kwa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za mwalo wao. Vikundi hivyo vipo pande zote mbili kisheria, na pande zote mbili vinaweza kuungana katika eneo moja la usimamizi la pamoja.

Kutokana na hayo, tumeacha kutafuta waraka mmoja wenye sahihi za nchi mbili. Waraka wa namna hiyo unapanda ngazi hadi wizarani na hauteremki. Tunachoshauri ni ramani moja na mipango miwili. Kila upande uandike mpango wake kwa sheria yake na kwa muundo ambao ofisi zake zimezoea, lakini kurasa nne ziwe zile zile neno kwa neno katika mipango yote miwili: ramani ya pamoja, orodha ya zana na vyombo, kalenda ya kufunga na kufungua, na utaratibu wa kupeana taarifa. Upande mmoja ukichelewa kupitishwa, mwingine haukwami. Anayetaka kubadilisha kitu ndani ya kurasa hizo nne lazima avuke mpaka kwanza. Kurasa nyingine abadilishe apendavyo.

Kuhusu fedha, bahati ni kwamba mwaka wa serikali unaanza Julai mosi pande zote mbili. Bahati hiyo inaishia hapo. Kenya, mpango wa maendeleo wa kaunti wa mwaka unaofuata lazima ufikishwe bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, makisio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kwetu vijiji na kata huibua vipaumbele miezi ya mwisho wa mwaka. Mkimaliza makubaliano Oktoba, mkifurahi kwamba mmewahi bajeti ya Tanzania, kwa Kenya mmekosa treni: shughuli yenu haitakuwa na fungu hadi Julai ya mwaka wa pili, miezi 20 mbele. Kikao cha maamuzi kiwe Julai. Agosti iachwe kwa karatasi.

Na kikao chenyewe kifanyike mpakani hasa, Horohoro au Lunga Lunga. Ukisimama Jasini unatazamana na Vanga, lakini mtumishi wa umma anayevuka kwenda kula wali kule anahitaji kibali cha safari ya nje ya nchi, kama anayekwenda Ulaya, na kibali kinaweza kuchukua wiki. Wanavijiji wanavuka na kurudi mchana huo huo. Tumeona vikao ambako wavuvi wote wamefika na maafisa wote hawapo. Posho nazo zisiwe siri: ama kiwango kimoja kwa wote, ama kila upande ulipe wake na itangazwe hivyo asubuhi. Watu hujua tofauti kabla ya saa nne, na mchana hakuna tena anayezungumzia pweza.

Pweza ndiye tunayemshauri awe wa kwanza kufanyiwa majaribio. Anakua haraka mno: akiwa mdogo anaweza kuongeza uzito maradufu ndani ya mwezi mmoja au miwili, kwa hiyo matokeo ya kufunga mwamba yanaonekana ndani ya miezi mitatu. Matumbawe yanataka miaka, na subira ya watu haifiki huko. Kanuni zetu za uvuvi zinakataza kuvuna pweza aliye chini ya gramu 500, kwa hiyo mizani ndogo ya kuning'iniza ni kifaa cha kwanza kununua, miwili kwa kila mwalo, maana mmoja utaliwa na kutu.

Linaloharibika ni hili. Upande mmoja ukifunga na mwingine ukabaki wazi, wavunaji wanahamia kule, wanauchosha mwamba wa jirani, na siku ya kufungua jirani naye anakuja kudai fidia kwa miguu yake, saa chache kabla ya wenyewe. Kwa hiyo fungeni pamoja, miamba midogo miwili, mmoja kila upande, na fungueni siku moja. Siku hiyo msiipange kwa tarehe ya ukutani. Ipangeni kwa mwezi: bamvua (maji yanayojaa na kukauka sana) la sita tangu kufunga, siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu au mwezi mchanga. Katika pwani hii maji ya bamvua hukauka kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, wakati mzuri wa kuonana na kuhesabiana. Kwa maji mafu mwamba hautoki vizuri, ni wazamiaji tu wanaovuna, na wanawake waliosubiri miezi mitatu wanarudi na ndoo tupu. Tazameni pia kama siku hiyo haiangukii Ramadhani. Mnunuzi wa pande zote mbili aitwe mapema na bei itangazwe kwa shilingi za Tanzania na za Kenya kwenye ubao mmoja, la sivyo pweza wote watapimwa kule bei iliko nzuri na takwimu za upande mmoja zitaonyesha kwamba kufunga hakukusaidia.

Kupima hali ya bahari na mikoko kunahitaji makubaliano ya aina ile ile. Timu moja ikihesabu samaki kwenye mkanda wa mita 50 kwa 5 na nyingine mita 50 kwa 2, namba hazilinganishwi hata mkizidisha, kwa sababu samaki wakubwa waoga huonekana kwa uwiano tofauti katika mkanda mwembamba. Mikokoni, kipenyo cha mchu, aina moja ya miti ya huko, hupimwa mita 1.3 kutoka chini. Mkoko wenye mizizi inayousimamisha kama miguu hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Asiyeambiwa hilo hupima katikati ya mizizi hiyo na kuandika mti mnene ambao haupo. Timu zote zipime kwanza viunzi vitatu vya mita 10 kwa 10 kwa pamoja, kila moja na daftari lake, kisha wafungue madaftari jioni. Aibu ya jioni hiyo ina faida kuliko mafunzo ya wiki. Jambo la kuuliza mapema ni makatazo ya ukataji. Kenya iliposimamisha ukataji katika misitu ya serikali mwaka 2018, swali la kwanza mezani lilipaswa kuwa boriti za ujenzi wa Vanga zitatoka wapi.

Doria ya pamoja si kufukuzana kuvuka mstari. Boti ya doria ya nchi moja haina ruhusa ya kumfuata mtu hadi maji ya nchi nyingine, na tochi na fulana za mradi haziiletei ruhusa hiyo. Inachoweza kufanya ni kupeleka taarifa yenye mambo matano: saa kwa tarakimu nne, nukta kwa desimali, aina na rangi ya chombo, namba ya ubavuni kama ipo, na uelekeo. Ipelekwe kwa mtu mmoja aliyetajwa kila upande na msaidizi wake, kwa sauti kwanza, maandishi baadaye. Uvuvi wa baruti, ambao kwa miaka mingi umeitesa Tanga kuliko jirani zetu, hauachi muda wa kusubiri mtu afungue kundi la WhatsApp. Na karibu na Jasini simu hushika mtandao wa Kenya yenyewe na kumeza salio, hivyo mgambo wa huku apewe laini mbili, na uchaguzi wa mtandao uwekwe kwa mkono.

Limebaki moja ambalo mipango mingi ya bahari hailigusi: maji ya Mto Umba. Unaanzia milima ya Usambara, Lushoto, unapita nyika, unavuka mpaka na kumwaga karibu na Vanga. Maji yakichepushwa juu kiangazi, chumvi hupanda kwenye mikoko ya chini. Mashamba ya miteremkoni yakimomonyoka, tope linafunika nyasi za bahari. Kwetu mto huu unasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ofisi ambayo haina sababu ya kuhudhuria kikao kinachoitwa cha uvuvi. Ialikwe kwa barua inayotaja maji, si samaki, na ipewe ajenda yake ya kwanza asubuhi. Mkulima mmoja au wawili wa mboga kutoka juu waje nao. Mvuvi wa Jimbo akimuuliza mkulima wa Lushoto anafungulia mfereji siku gani, mazungumzo yanakwenda mbali kuliko mchoro wowote ukutani.